Jaoda ni Nani?

Kaloleni, Kisumu
12 Februari 2023

Mpendwa Waya Perez,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Mimi ni mzima, sijui nyinyi huko Uyoma. Magoti yanaendeleaje? Na Baba, bado anakataa kutembea na fimbo? Calvince aliniambia amekuona sokoni umejitwika gunia kichwani, nami nikamwambia huyo si shangazi yangu, shangazi yangu ana akili.

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kupiga kelele mpaka mtaa mzima ujue mambo yangu, kisha wewe unanijibu, "Ndiyo, mvua ilinyesha." Mesiji nazo husomwa na kila mtoto anayeishika simu yako. Kwa hiyo Calvince atakuletea hii kwenye gari lake la samaki. Ikinuka omena usinilaumu.

Saluni inaenda. Wateja wa Manyatta huniletea nywele na maneno, na maneno huwa mengi kuliko nywele. Zadock pia yuko. Ni yuleyule niliyekutajia Krismasi, dereva wa lori la duka la vifaa vya ujenzi la Hitesh. Siku hizi nguo zake ziko kwangu, na viatu, na ile redio anayoipenda kama mtoto. Akirudi kutoka safari huja hapa moja kwa moja, hata mikono ikiwa bado na saruji.

Sasa, Waya. Wewe umefundisha Kiswahili maisha yako yote, kwa hiyo nakuuliza kama mwalimu, usinijibu kama shangazi. Neno "klande" limetoka wapi? Jumamosi nilikuwa nasuka mtu, mwanamke mmoja akasimama mlangoni akauliza, "Klande ni gani hapa?" Saluni nzima ikanigeukia. Aliniangalia, akaniangalia tena, akaenda zake. Najua watu wanavyolitumia, kumtaja hawara. Nataka kujua ndani yake kuna nini.

Na usiwaze vibaya. Zadock akiwa na marafiki zake hunishika bega na kuwaambia, "Huyu ni jaoda." Mbele za watu, Waya.

Ni mimi mtoto wako,
Debra

Uyoma
9 Machi 2023

Nyathina Debra, mtoto wangu,

Barua yako ilifika na kweli ilinuka. Niliianika kwenye kamba kama soksi ndipo nikaisoma. Sisi hatujambo. Magoti ni yaleyale. Baba yako alianguka kwenye mtaro wiki iliyopita, akainuka akaulaumu mtaro. Kanisa limepata mabati mapya na sasa mvua ikinyesha hakuna anayesikia mahubiri, kwa hiyo wote tumekuwa viziwi kama mimi.

Umeniuliza swali la darasani, nitakujibu kidarasa. Klande ni Kiingereza kilichokatwa mkia. Wana neno refu la jambo linalofanywa kwa kificho, na vijana wetu wakachukua kichwa wakatupa kiwiliwili. Kwa hiyo klande hata si mtu, nyathina. Ni siri iliyovalishwa nguo ya mwanamke.

Nitakupa na nduguye bila kuombwa: mpango wa kando. Hilo linaniuma zaidi kwa sababu ni Kiswahili safi, sina pa kulitupia. Mpango, yaani mtu alikaa akafikiri. Kando, sawa, lakini kando ya nini? Neno lenyewe linakiri kwamba katikati kuna mwenyewe. Huku ufuoni tunalo la jaboya, yule mvuvi anayemuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Mimi hudhani limetokana na boya, kile kinachoelea juu ya nyavu, ingawa wazee wa bandarini hunibishia. Lugha tatu zina maneno tele ya jambo hili, na hakuna hata moja ambalo ungeweza kumtajia pasta.

Lakini jaoda! Hapo umenifurahisha mpaka nikasimama. Ja ni mtu wa mahali fulani, oda ni nyumba yangu. Mtu wa nyumba yangu. Marehemu mume wangu aliniita hivyo ng'ombe walipokwisha kufika kwetu, si siku moja kabla. Mwanamume akilitamka hilo mbele ya wenzake amekwisha kusema. Nilifunga leso nikaenda kumwambia baba yako jioni hiyohiyo. Alikula ugali wote.

Hukuniambia yule mwanamke wa mlangoni ni nani. Mwalimu hana haja. Shangazi anauliza.

Waya wako,
Perez

Kaloleni
21 Mei 2023

Mpendwa Waya,

Habari za huko? Pole kwa kukawia. Mvua imeingia saluni, dari lote limevimba, na fundi aliyekuja aliangalia tu juu akasema "eeh" akaondoka. Zaidi ya hayo niko salama.

Natamani ungesubiri kabla ya kumwambia Baba.

Yule mwanamke ni mke wake. Anaitwa Maximilla, anakaa kwao Zadock huko Gem na watoto wawili. Nilijua kabla hajasimama mlangoni. Kila mwisho wa mwezi Zadock hupakia sukari na unga kwenye lori na kusema anaenda kuona mama yake, nami humfungia mkate kwenye karatasi. Sijawahi kumuuliza mkate huo unaliwa na nani.

Wateja wana maneno mengine ambayo hayakufika Uyoma. Msichana anayebebwa usiku mmoja kutoka kilabu anaitwa chips funga, yaani ni chakula cha kufungiwa ukale kwako. Mwanamume anayerukia kila mmoja ni fisi. Mzee anayelipa ni sponsa, na akizidi kuzeeka ni mubaba. Wawili wanaoishi pamoja bila kwenda kwa wazazi ni kam-wi-stei. Wanayasema wakicheka, na mimi nacheka nikiwa nimeshika kitana. Halafu nafunga saluni narudi nyumbani najiuliza mimi niko kwenye lipi.

Nampenda, Waya. Nampenda mpaka naona aibu. Akichelewa nasimama dirishani kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Lile neno lake ndilo nililo nalo peke yake. Usimwambie Baba kuhusu Maximilla.

Wako,
Debra

Uyoma
30 Juni 2023

Debra,

Barua yako ilikaa kwenye gari la Calvince muda wote likiwa gereji Bondo. Salamu baadaye.

Niliisoma nikatoka nje nikatembea mpaka ziwani na kurudi, na magoti haya. Nilimkasirikia Zadock, nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia Calvince ambaye hana kosa. Baba yako amepaka nyumba chokaa. Unaelewa? Mzee Owiti, ambaye hakuipaka chokaa hata mama yako alipofariki, amepaka nyumba chokaa kwa sababu wageni wa binti yake watakuja kuposa. Sikuweza kumwambia.

Halafu nikakaa nikafikiri. Sisi ni Wajaluo, hatukuanza jana. Mwanamume huweza kuwa na nyumba mbili. Mke wa kwanza ni mikayi, wa pili ni nyachira, na nyachira ana jina lake, ana mlango wake, ana mahali pake pa kukaa siku ya kilio. Nyachira si klande. Tofauti yao ni kwamba mmoja watu wake wanajulikana na ng'ombe zake walitembea. Nisingekuchagulia hivyo. Lakini ni mahali, Debra, si kando.

Basi mdomo wa Zadock umekwisha kusema. Mwambie alete na miguu.

Baba yako anakusalimu. Anauliza ni lini.

Perez

Kaloleni
17 Septemba 2023

Mpendwa Waya,

Natumaini hamjambo. Mimi si mbaya. Zadock amesema Desemba. Atakuja na kaka yake na wazee wawili. Mwambie Baba Desemba.

Nataka kukuuliza jambo dogo. Jana kijana wa boda alimleta mteja wangu, na alipokuwa anamrudishia chenji akamwambia, "Poa, jaoda." Hawajuani hata jina. Nikamuuliza mbona anamwita hivyo. Akacheka. "Aah madhe, hiyo ni stori tu. Siku hizi kila dame ni jaoda." Nilirudi ndani nikamwosha mtu nywele kwa maji baridi bila kujua, mpaka akapiga kelele.

Usiku nilimuuliza Zadock, ukisema jaoda unamaanisha nini? Alikuwa anatengeneza redio. Akasema, "Si ni wewe uko kwa nyumba?"

Hilo ni jibu, Waya? Nimeligeuza mpaka limechakaa. Neno linaweza kuoza kama samaki, nje likionekana zima?

Debra

Uyoma
8 Oktoba 2023

Nyathina,

Hatujambo wote. Mihogo ni mizuri mwaka huu, nimekutumia kidogo kwa Calvince, umdai.

Kijana wa boda asikutishe. Mimi nimefundisha watoto walioharibu maneno mazuri kila siku ya Mungu. Nilikuwa nayapigia mstari mwekundu, na kesho yake yanarudi yamekaa sawa. Neno halifi kwa sababu mjinga mmoja mtaani Kondele amelikalia. Jaoda ni mtu wa nyumba yangu, lilikuwa hivyo kabla ya pikipiki kuletwa duniani. Na alichokujibu Zadock ni sahihi kabisa kisarufi.

Baba yako ametangaza kanisani kwamba Desemba tutakuwa na wageni. Nilitaka kumzuia, nikashindwa. Alikuwa amesimama wima, bila fimbo.

Waya wako

Kaloleni
20 Novemba 2023

Waya,

Zadock amekufa. Lori lilipinduka karibu na Awasi Ijumaa, likiwa na mzigo wa mabati. Kijana wa dukani ndiye aliyekuja kuniambia, na hata yeye hakujua aniambie kama nani.

Nilikimbia hospitali. Waliniambia mwili umekwisha kupelekwa mochari na familia imearifiwa, lakini kuna mwingine aliyekuwa naye kwenye lori, yuko wodini. Nikaenda nikidhani ni turnboi, yule msaidizi wake wa lori. Alikuwa msichana, Waya. Anaitwa Sheryl, mguu umevunjika, ana kucha nzuri zilizopakwa rangi juzi tu. Alikuwa amemshika nesi mkono akilia, "Mimi ndio jaoda yake, nipeni hata simu yake. Mimi ndio jaoda." Nilisimama miguuni pa kitanda. Aliniuliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia hapana. Nikamnunulia maji nikaondoka.

Sasa siwezi kulia vizuri. Nikianza kumlilia yeye najikuta nalilia neno. Nimelala kwenye shati lake, halafu nimelitupa mlangoni, halafu nimelifuata.

Mazishi ni Gem tarehe mbili Desemba. Nitaenda na watu wa dukani, nisimame nyuma. Nakuomba kwa jina la mama yangu, usije. Mwambie Baba asije. Nitakuja mwenyewe nimweleze nikiwa nimepiga magoti.

Debra

Uyoma
26 Novemba 2023

Debra mtoto wangu,

Pole, pole, pole. Sijapata barua yako, na Calvince haonekani, kwa hiyo hii naitia posta, lakini baba yako amesikia tangazo redioni. Walimtaja Zadock wa Gem, dereva, mume wa Maximilla. Baba yako aligeuka akaniuliza, "Maximilla ni nani?" Ikabidi nimwambie yote, nikipiga kelele kama kawaida yangu, na majirani wakasikia bure.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Ina maana binti yangu ni nyachira, na amefiwa, na yuko peke yake." Akaenda zizini akalitazama dume lake.

Tunakuja. Kijiji hiki hakitasema kwamba binti wa Owiti alifiwa na mume na hakuna mkwe aliyetia mguu. Dume litatangulia, na akina mama wa kanisa watavaa sare. Najua ng'ombe za Zadock hawakuja, na wazee watalisema hilo, lakini neno alilisema mbele za watu na mashahidi wako. Wewe usijifiche nyuma. Wakikuuliza wewe ni nani, simama useme.

Waya wako anayekulilia,
Perez

Uyoma
14 Desemba 2023

Debra,

Barua yako ya tarehe ishirini imefika jana. Gari la Calvince lilikuwa limezuiliwa huko Siaya, nayo ilikuwa ndani. Nimeisoma. Sasa najua kwa nini hukutaka tuje.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Kwenye mazishi tulikaa chini ya hema la wakwe. Yule emsii alipokupa maiki, nilikuwa mbali na sikusikia kitu, lakini nilikuona mdomo. Niliona umesema jaoda. Moyo wangu ulipasuka kwa fahari. Nikasimama mbele za watu wote nikapaza sauti, "Nyarwa! Huyo ni binti yetu!" Nikaona watu wamegeuka. Nikaona vijana wanacheka. Baba yako akanivuta mkono nikae.

Dume tuliliacha kule, wakalichinja, sisi hatukuonja. Siku ya tatu ndipo baba yako akafungua kinywa, akasema wewe ulisema jirani. Akasema, "Kama huko ni jirani, na hapa awe jirani." Jina lako halitajwi tena katika boma lile. Nilimwambia masikio yake yamezeeka. Nilimwambia mimi nilikuona mdomo.

Niambie ulisema nini. Nitaamini utakachoniandikia.

Perez

Kaloleni
7 Januari 2024

Mpendwa Waya,

Salamu za mwaka mpya, kama zinapokelewa kutoka kwangu. Nimeanza barua hii mara nyingi nikashindwa hata kukuuliza magoti.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza. Halafu, hata barua yako ikiwa haijanifikia, nikawaona mnaingia. Baba na koti lake la harusi, wewe na akina mama wa sare, dume mbele. Watu wakaulizana hao ni wakwe wa nani. Kama ingewezekana kuingia kwenye lile kaburi kabla ya mwenyewe, ningeingia.

Emsii aliita "marafiki kutoka Kisumu". Watu wa dukani walinisukuma mbele kwa sababu hakuna aliyetaka kuongea. Akanipa maiki akaniambia, "Madam, tuambie jina, na marehemu alikuwa nani yako." Maximilla alikuwa amekaa karibu na jeneza, mtoto mdogo amelala mapajani. Alinitambua. Hakuwa hata na hasira, alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyengoja sana niseme ili jambo liishe.

Nilitafuta neno, Waya. Klande lilikuwa lake yeye kunipa, siwezi kujipa mwenyewe. Nyachira lilikuwa lako, na wale ng'ombe hawakutembea. Rafiki lilikuwa la emsii. Jaoda lilikuwa limelala wodini na mguu umevunjika. Nilikuona pale hemani umeinua kidevu unanitazama mdomo, nikajua unangoja lipi, nikafungua kinywa kulisema. Herufi ya kwanza ilitoka. Nilisema jirani.

Baba alisikia sawasawa. Mwambie nimekubali alivyosema, sina ubishi naye. Sitakuja nyumbani. Nimelaza kichwa kwenye meza hii siku nyingi nikijaribu kuona mbele, na mbele hakuna kitu. Naenda saluni, nasuka, narudi. Watu wakiniuliza mbona nimekonda nasema ni joto. Siwezi hata kusema nimefiwa, kwa sababu wataniuliza na nani.

Halafu ukasimama ukasema mimi ni wenu. Ule uwanja wote ulikuwa umejaa watu wenye masikio mazima, na wote walinisikia vizuri. Wewe peke yako ulinisikia vibaya, Waya. Nakushukuru.

Debra